Kijana, si kila mara "mishipa imelegea"

Kwenye fomu ya mapokezi kuna mstari wa kuandika tatizo lililokuleta. Vijana wengi wanaoletwa kwangu na tatizo la uume kutosimama vizuri huandika "mgongo" au "kiuno". Nawapima mgongo kwelikweli, nawainamisha, nawanyanyua mguu, na mgongo nakuta mzima. Basi nasogeza kiti karibu na kuuliza mwenyewe: "Na tendo la ndoa, linakwendaje?" Hapo macho hushuka sakafuni.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mwili kwa mazoezi) hapa Dar es Salaam, na kazi yangu kubwa ni nyonga. Vijana hawa wanafika wakiwa na jibu tayari, wamelisoma kwenye mabango ya nguzo za umeme na kwenye simu: mishipa imelegea kwa sababu ya punyeto. Neno mshipa tumelibebesha mengi. Mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, hata ngiri wazee huiita mshipa. Punyeto hailegezi chochote kati ya hivyo. Ila hofu waliyopandikizwa wanayo, na hofu ni sehemu ya ugonjwa.

Ndani ya uume kuna mirija miwili ya nyama laini, mfano wa sponji. Hamu ikija na mwili ukiwa umetulia, mishipa ya fahamu inayotoka chini ya uti wa mgongo hufungulia damu iingie. Sponji ikijaa, inaibana mishipa inayotoa damu, na damu inabaki ndani. Kisha inaingia kazini misuli ya sakafu ya nyonga. Imetandazwa kama kitanda cha kamba, toka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Misuli hii hubana mashina ya ile mirija, na msukumo wa ndani hupanda kupita hata presha ya damu ya mwili. Huo ndio ugumu kamili.

Misuli hiyo ikiwa dhaifu, uume husimama nusu au hulala njiani. Hilo lipo. Lakini kwa vijana wanaofika kwangu, mara nyingi nakuta kinyume chake: misuli imekaza mchana na usiku, haijui kuachia. Kunja ngumi kwa nguvu dakika kumi, halafu ujaribu kushika sindano uitie uzi. Vidole vitatetemeka. Msuli uliokwisha kubana hauna cha kubana tena, na mtu wa nje ataona ulegevu.

Nilimpata kijana mmoja wa miaka 27, dereva wa bodaboda (mambo kadhaa nimeyabadili asitambulike). Anakaa juu ya pikipiki saa kumi na mbili kwa siku, anabana mkojo kwa sababu abiria hasubiri, choo kinamsumbua, na eneo kati ya korodani na njia ya haja kubwa linamuuma jioni. Alianza na supu ya pweza, akaenda kwenye alkasusu, mihogo mibichi na karanga, mwisho vumbi la Kongo. Halafu akaona mtandaoni mazoezi ya kubana. Akawa anabana mara mia tatu kwa siku, hata kwenye foleni. Hali ikazidi kuwa mbaya.

Nilimlaza chali, magoti juu, nikamwambia aweke kiganja tumboni. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao, meno yameumana. "Achia," nikamwambia. "Nimeachia, dokta." Hakuwa ameachia. Tulikaa pale na pumzi peke yake: vuta, tumbo lipande, na huku chini paache pashuke kama unayeanza kukojoa. Ilichukua kama robo saa ndipo taya likalegea, na muda mfupi baadaye nyonga nayo. "Kumbe hivi ndivyo," akasema.

Wiki za mwanzo hatukubana hata mara moja. Alipumua, alichuchumaa taratibu, alishuka kwenye pikipiki kila baada ya safari chache, aliacha kubana mkojo. Nilipima misuli kwa kidole chenye glovu, kwa ridhaa yake, asiyetaka, simlazimishi. Kubana kulikuja baadaye, mara chache: vuta uume uingie ndani kama unaufupisha, hesabu tano, kisha achia mpaka mwisho. Nusu hiyo ya pili ndiyo wengi wanairuka.

Mazoezi haya ya kubana aliyapa umaarufu Arnold Kegel wa Marekani mwaka 1948, kwa ajili ya wanawake waliojifungua. Kwa wanaume, Grace Dorey wa Uingereza na wenzake walitoa matokeo yao mwaka 2005: kati ya wanaume 55, baada ya miezi sita asilimia 40 walirudi hali ya kawaida, zaidi ya theluthi moja wakapata nafuu, waliobaki hawakubadilika. Kwa hiyo simwahidi mtu muujiza.

Ila kabla ya kuja kwangu, pita kwa daktari. Mshipa wa damu wa uume ni mwembamba, milimita moja au mbili, kwa hiyo huweza kuziba kabla ya ile ya moyo. Kama hata alfajiri uume hausimami tena, na uwezo umeshuka polepole katika hali zote, pima sukari, presha na homoni. Ukipata ganzi sehemu za siri na mkojo ukakataa au ukajitokea, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu unga wa "asili": FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, imekuta mara nyingi sildenafili (dawa iliyomo kwenye Viagra) imefichwa kwenye bidhaa za namna hiyo. Dawa hiyo ikikutana na dawa za moyo za naitreti, presha inaweza kuporomoka hadi kuua. Supu ya pweza ni chakula kizuri, kunywa.

Yule kijana alirudi wiki ya kumi. Maumivu ya jioni yameisha. Uume unasimama, siku za uchovu bado unasumbua. Safari hii mkewe alikuwa naye, na maswali mengi yalikuwa ya mke.

Ukija, mapokezi andika "nyonga". Inatosha, na mengine tutaongea ndani.