Msomaji tendaji ni mtoto wa namna gani?

Mpwa wangu yuko darasa la tatu. Jioni moja alinisomea hadithi fupi kutoka kitabu chake cha shule, na alisoma vizuri kweli: hakukwama, hakurudia, alipumzika kwenye kila nukta. Ndani yake kulikuwa na sentensi hii: "Bibi alichukua kata akachota maji mtungini." Akaipita. Nilipomuuliza bibi alichukua nini, akajibu pale pale, "Kata, mjomba." Na kata ni nini? "Si kama kata yetu? Ile yenye diwani."

Alijibu kwa anachokijua. Mtoto wa mjini aliyezoea bomba na kikombe cha plastiki hajawahi kuona kifuu cha nazi kilichotiwa mpini wa kuchotea maji. Kutojua neno ni jambo la kawaida, hata sisi watu wazima linatutokea. Kilichonishtua ni kwamba alimwona bibi akiichukua kata nzima na kuchotea maji, na hakuona ajabu yoyote. Akaendelea na sentensi iliyofuata.

Hapo ndipo dhana ya usomaji tendaji inapohusika. Msomaji tendaji ni yule anayeshughulika na maana huku akisoma. Hubashiri kinachokuja, hujiuliza maswali, hugundua mahali maana ilipokatika, na hurudi nyuma kuitafuta. Mtoto anayetamka kila neno sawasawa lakini hadai chochote kutoka kwenye maandishi bado hajafika huko, hata kama ndiye anayeitwa kusoma mbele ya wageni siku ya kufunga shule.

Kiswahili kinaweza kumficha mtoto wa namna hiyo kwa muda mrefu. Tahajia yetu ni nyoofu: neno husomwa jinsi lilivyoandikwa, karibu kila silabi huishia kwa irabu, na mtoto akishaishika ba be bi bo bu, kisha mwa, nya na ng'o, anaweza kukusomea ukurasa wa gazeti unaohusu riba za benki. Kwa mwalimu wa darasa la kwanza hii ni neema kubwa. Kwa mzazi ni mtego, maana sauti ya mtoto inatiririka na sisi tunatulia tukidhani kazi imekwisha.

Yapo maneno machache yanayofichua. Mpe mtoto sentensi hii: "Dereva aliijua barabara ile barabara." Barabara ya kupita magari hutiwa mkazo kwenye silabi ya tatu, na ile yenye maana ya sawasawa kwenye silabi ya pili. Herufi ni zile zile, kwa hiyo macho peke yake hayasaidii. Anayefuata maana ataibadilisha sauti mwenyewe, pengine baada ya kusita kidogo na kuanza upya. Kule kusita, ambako wengi tunakuona kama kosa, kwangu ni dalili nzuri kuliko zote.

Simaanishi kwamba kasi haina maana. Mtoto anayehangaika na kila silabi akifika mwisho wa sentensi amekwisha kusahau mwanzo wake, na hapo hakuna cha kuelewa. Ndiyo sababu Kenya, katika mpango wa Tusome uliosambaa nchi nzima kuanzia mwaka 2015, ufasaha ulipimwa kwa maneno anayosoma mtoto kwa dakika: 45 kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Tofauti hiyo si ya uvivu. "Hatutawasomea" ni neno moja, lakini ndani yake wamo wanaosoma, wamo wanaosomewa, umo wakati ujao na ukanushi pia. Mwaka huo huo Tanzania nayo ilianza mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili uliojengwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kipimo cha dakika moja kinatuambia kama mlango umefunguka. Hakituambii kama mtoto ameingia.

Je, kuingia kunafundishika? Ndiyo. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Annemarie Palincsar na Ann Brown, walichapisha kazi yao na wanafunzi waliokuwa wakisoma maneno vizuri lakini wakielewa kidogo. Waliwafundisha mambo manne: kubashiri, kuuliza swali, kufafanua palipo pagumu, na kueleza kwa ufupi walichosoma. Mwalimu alianza kwa kufanya mwenyewe kwa sauti, kisha wanafunzi wakapokezana kushika nafasi yake. Ufahamu wao ulipanda. Ninachokipenda katika njia hii ni ule uhamisho wa kazi: swali linatoka mdomoni mwa mwalimu na kuhamia mdomoni mwa mtoto.

Na watoto wetu hawaanzi patupu. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Mtoto anayelitafuta yai katika maneno hayo tayari anapima dalili, anabahatisha, anatupa jibu lisilofaa, anajaribu jingine, na akishindwa anatoa mji bila aibu. Kazi ya msomaji tendaji ndiyo hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba akifungua kitabu darasani mara nyingi mchezo huo unasimama. Mwalimu anasoma mstari, darasa zima linaitikia kwa pamoja, na katika kuitikia huko asiyeelewa anajificha vizuri nyuma ya sauti za wenzake. Nyumbani jaribu kufunika nusu ya chini ya ukurasa kwa kiganja na kumuuliza mtoto, "Unadhani atafanya nini?" Kisha afunue aone. Akikosea hajapoteza kitu, kwa sababu hata kubashiri vibaya kumemfanya asome nusu ya pili akiwa na shauku.

Kujiamini kunajengwa hapo hapo, na kunabomolewa hapo hapo. Mtoto anakwama kwenye neno, na kabla hajavuta pumzi kaka yake ameshalisema, au darasa zima limeshalipigia kelele. Ikitokea mara nyingi anajifunza kwamba kukwama ni aibu na kwamba jibu huwa kwa wengine. Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde 1 tu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, na hata waliozoea kunyamaza wakaanza kusema. Sekunde 3 zinaonekana kidogo mpaka uketi karibu na mtoto aliyekwama. Ni ndefu mno, na ulimi unawasha.

Mimi pia nilikuwa mwepesi wa kudakia. Siku hizi mpwa wangu akifika kwenye neno asilolielewa huweka kidole juu yake na kuniangalia. Nanyamaza. Anarudi mwanzo wa sentensi, anaisoma tena polepole, na mara nyingine ananigeukia na swali lake: "Mjomba, huyu kaambiwa asiende, mbona tena anavaa viatu?"