Nyanya pori na nyanya ya shambani: ipi ina kiu?

"Nyanya pori haihitaji maji." Ipi hasa? Asili ya nyanya pori ni magharibi mwa Amerika Kusini, kuanzia Ekuado na Peru hadi kaskazini mwa Chile, na spishi zake hazifanani. Solanum chilense hukaa pembezoni mwa jangwa la Atacama na kuteremsha mizizi mbali chini. Lakini Solanum pimpinellifolium, ndugu wa karibu kabisa wa nyanya tunayolima, yenye tunda la kama sentimita moja tu, huonekana sana kwenye mabonde ya pwani, kando ya mito na mashamba. Hiyo haijakimbia maji hata kidogo.

Wengine hudhani kuvumilia ukame ni mizizi mirefu tu. Lakini Solanum pennellii, nyanya pori nyingine inayovumilia ukame, ina mizizi haba. Ujanja wake uko kwenye majani, yanayopoteza maji polepole. Wanaoisifu husahau kutaja matunda yake: madogo, ya kijani hata yakiiva. Nyanya ya shambani ni maji kwa takriban asilimia 94, kwa hiyo anayetaka matunda makubwa na mengi lazima ayagharamie kwa maji. Zao la siku 90 hadi 120 hutumia milimita 400 hadi 600 za maji, yaani lita 400 hadi 600 kwa kila mita ya mraba.

Basi tumwagilie bila kupima? Hili ndilo kosa linaloua miche mingi. Udongo ukituama maji, mizizi hukosa oksijeni, vikonyo vya majani huinama, na mwenye shamba akiona hivyo anakimbilia ndoo! Chomeka kidole udongoni kwanza. Kama kuna unyevu, acha. Na majani yakilegea mchana wa jua kali kisha yakasimama jioni, si lazima mmea uwe na kiu.

Tunda kuoza kitako, nako, husingiziwa ugonjwa. Ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda, na mara nyingi udongoni imo ya kutosha. Kalsiamu husafiri na maji, hivyo ukimwagilia leo sana kisha ukasahau, haifiki. Mtindo huohuo hupasua matunda.

Kupunguza maji kidogo matunda yanapoanza kuiva huongeza utamu, ingawa uzito hupungua. Wakati wa maua usijaribu: yatapukutika.