Mombasa kwa njia ya maji: tunayoambiana na yaliyo kweli

Mombasa ni kisiwa, na bado wengi wetu tunaijua kwa matatu na tuktuk tu. Tunavuka daraja la Nyali bila kutazama chini, tunapanda feri ya Likoni macho yakiwa kwenye simu, kisha tunasema bahari twaijua. Mji huu ulijengwa ukiwa umeelekea majini. Bandari ya Kale, Fort Jesus, ngazi za Leven, nyumba za Mji wa Kale zilizosimama juu ya mwamba: vyote hivyo huvielewi mpaka uvione ukiwa chomboni. Natamani sana vijana wetu waujue upande huo, kwa mashua, kwa kayaki na kwa kuogelea. Yanayowazuia wengine, na yanayowaua wengine, ni maneno tunayorithishana bila kuyapima.

"Maji ya ndani yametulia. Hatari iko nje, kwenye mawimbi."

Nimeanza na hili kwa sababu ndilo baya kuliko yote. Hori ya Tudor, mkono wa bahari unaoingia ndani ya nchi, huanzia kati ya Mji wa Kale na Mkomani, hupita chini ya daraja la Nyali, kisha hutanuka hadi Mikindani na Jomvu. Mawimbi makubwa haina, ina mkondo. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa Mombasa hufika mita 3 na kuzidi. Maji yote yanayofunika lile eneo pana la ndani, pamoja na mikoko yake, huingia na kutoka kwa mlango mmoja mwembamba, mara mbili kwa siku. Uso unaweza kuonekana shwari kabisa huku maji yanakimbia, na mwogeleaji wa kawaida huenda polepole kuliko mtu anayetembea kwa miguu.

Mtu akizama hapo, utasikia jini amemchukua. Mara nyingi kilichomchukua ni saa aliyoingilia. Aliruka maji yanapotoka, akajiona anasukumwa kuelekea nje, akageuka kurudi pale pale alipoacha nguo zake. Akapigana na mkondo uso kwa uso mpaka nguvu zikamwishia. Angekata mkondo kwa ubavu kuelekea ufuo wowote ulio karibu, angetokea mbali, labda kwenye mawe, lakini angetokea.

Wanaoishi na bahari hawaingii bila kuuliza maji yako wapi. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku moja au mbili baada yake, ni bamvua: hapa kwetu maji hujaa yapata saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa yapata saa nne. Wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, saa hizo hupinduka, na mkondo huwa mpole zaidi. Kila siku maji huchelewa kwa dakika kama 50. Kama hukumbuki hesabu, simama Bandari ya Kale utazame mashua zilizotia nanga. Siku ambayo upepo si mkali, omo, yaani mbele ya chombo, huelekea kule maji yanakotoka. Zikiwa zote zimeelekea nje baharini, maji yanajaa. Zikiwa zimeelekea daraja la Nyali, yanapwa. Zikiwa kila moja imetazama kwake, maji yamesimama, na hicho ndicho kipindi kifupi cha mwogeleaji.

Kwa kayaki, mkondo huo huo unakuwa msaada. Ingia na maji yanayojaa, yakupeleke mpaka ndani, pumzika yakisimama, rudi nayo yakitoka. Usichelewe tu. Maji yakikukimbia kule Jomvu, kayaki inakaa juu ya tope; ukishuka, mguu unazama hadi gotini na kiatu kinabaki chini, na ukijishika kwenye mzizi, ganda la chaza linakuchana kiganja. Halafu unasubiri saa kadhaa na mbu. Vilevile upime upepo: kusi likivuma kutoka nje huku maji yanatoka ndani, pale mlangoni mawimbi husimama mafupi na makali, na kayaki ndogo haina kazi hapo.

"Meli itaniona, itanikwepa."

Upande wa pili wa kisiwa ni bandari ya Kilindini, na hapo sheria ni nyingine. Nahodha wa meli ya makontena amekaa juu sana na nyuma sana. Kanuni za kimataifa zinaruhusu sehemu ya bahari iliyo mbele ya omo isionekane hadi mita 500. Kayaki ikiwa ndani ya mita hizo, kwake haipo. Hata akikuona hawezi kusimama, kwani meli kubwa huhitaji kilomita nzima au zaidi, wala hawezi kupinda, kwa kuwa kina kinachomtosha kiko ndani ya njia tu. Ndiyo maana kanuni za mwaka 1972 za kuzuia kugongana baharini zinakikataza waziwazi chombo cha tanga na chombo chochote chenye urefu wa chini ya mita 20, mtumbwi ukiwemo, kumzuilia njia. Meli iingiayo huacha maboya mekundu kushoto kwake na ya kijani kulia. Katikati ni pake. Wewe kaa nje ya mstari huo, na uvuke tu palipo na ruhusa, ukiwa na mtu anayepajua.

Feri za Likoni nazo hupishana mchana kutwa, na mawimbi yao hufika ukingoni baada ya feri yenyewe kupita. Wanaoruka majini karibu na gati huwa wanaiangalia feri na kuyasahau mawimbi.

"Najua kuogelea, jaketi ni la waoga."

Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imepakia kupita kiasi, karibu sana na nchi kavu. Watu 272 wakafa. Mji huu ungepaswa kuwa wa kwanza Afrika kumfundisha kila mtoto kuogelea, na hilo linaniuma kila ninapoona darasa zima la watoto wa kisiwani wanaoogopa maji ya kifuani.

Lakini kuogelea peke yake hakutoshi. Mtu akipigwa kichwa na ukingo wa mashua, au akipatwa na mshtuko wa misuli katikati ya hori, ufundi wake hausaidii kitu. Na usitegemee kusikia kelele. Anayezama mara nyingi hapigi yowe: mdomo unaingia na kutoka majini, pumzi haitoshi kuita, mikono inasukuma maji chini badala ya kupunga. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa kwa kuzama duniani mwaka 2021. Kabla ya kupanda boti ya matembezi hesabu majaketi, kisha hesabu vichwa. Yakipungua, shuka, hata kama umeshalipa.

"Bahari ina chumvi na jua, uchafu haukai."

Laiti. Ni kweli jua na chumvi huua vijidudu vingi, lakini huhitaji muda na maji maangavu, na maji ya hori yamejaa tope linalovificha. Sehemu kubwa ya majitaka ya kisiwa huishia baharini bila kusafishwa, na mvua ikinyesha mitaro huongeza yake. Kwa hiyo baada ya mvua kubwa acha kuogelea siku mbili tatu. Siku nyingine chagua maji yanayojaa, maana hayo yanatoka nje na ni safi zaidi. Yanayotoka yamepita kwanza mitaroni. Ukiwa na kidonda, subiri kipone. Nalisema hili kwa hasira kidogo, kwa sababu Copenhagen, mji wa bandari wenye historia yake ya majitaka, ulisafisha maji yake mpaka ukafungua bwawa la kuogelea katikati ya bandari mwaka 2002. Kilichofanya kazi kule ni mabomba na matangi ya kuhifadhi maji ya mvua.

"Kayaki ni mchezo wa wageni, na kule ndani ni vichaka vya matope tu."

Mtumbwi na kafi ni vya hapa tangu zamani, na hori ndiyo iliyokuwa barabara. Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikwenda Rabai kwa mashua kupitia maji haya haya, akamalizia kwa miguu. Na vile vichaka ni mikoko: mlilana ukitangulia upande wa maji, mkoko wenye mizizi ya matao nyuma yake, mchu ukivumilia chumvi kali karibu na nchi kavu. Kaa, kamba na samaki wengi wadogo hukulia humo. Kayaki inaingia pale ambapo injini ingekwama, na ukinyamaza utamwona mdiria akiwinda.

Mawili ya mwisho, kwa haraka. Wapo wanaodhani wakipiga mbizi mbele ya Fort Jesus wataikuta manowari ya Wareno. Santo António de Tanna ilizama hapo mwaka 1697, lakini wataalamu waliichimbua kuanzia 1977, vitu vyake vikapelekwa makumbusho ya ngome, na mbao zilizobaki zikafukiwa tena. Ni urithi unaolindwa, haugusiki. Na wapo wanaosema kisiwa hakiwezi kuzungukwa kwa maji kwa sababu ya tuta la Makupa, lililounganisha kisiwa na bara. Tuta hilo lilikuwa limeziba njia kwa miongo mingi. Tangu daraja jipya likamilike mwaka 2022, maji ya Tudor na ya upande wa bandari yanakutana tena. Upande huo wa bandari, hata hivyo, una ulinzi wake, kwa hiyo omba ruhusa kwanza.