Kwa nini John Locke alikisifia kitabu chake kana kwamba ni cha mtu mwingine?

Mwaka 1703, mzee mmoja Mwingereza aliyesumbuliwa na pumu alimwandikia barua kasisi aliyemuuliza vitabu vya kusoma. Katika kumjibu, alimwambia kuwa suala la mali hajaliona likifafanuliwa vizuri popote kuliko katika kitabu kiitwacho *Risala Mbili za Utawala*. Jambo moja alilikalia kimya: kitabu hicho alikiandika yeye.

Mzee huyo ni John Locke. Miaka 14 nyuma, mwishoni mwa 1689, vitabu vyake viwili vikubwa vilitoka London karibu kwa pamoja. Kimoja, *Insha juu ya Ufahamu wa Binadamu*, kilikuwa na jina lake chini ya tabaruku. Kingine, hizo *Risala*, hakikuwa na jina la mtu yeyote. Hata katika orodha ya vitabu vya nyumbani kwake alikiweka miongoni mwa vile visivyo na mwandishi!

Woga huo ulikuwa na sababu. Locke alikuwa tabibu na mshauri wa Lord Shaftesbury, mwanasiasa aliyepigana kumzuia James, ndugu wa Mfalme Charles II, asirithi kiti. Mwaka 1683 ikafichuka njama ya kumuua mfalme, na wapinzani wakaanza kukamatwa. Mmoja wao, Algernon Sidney, alishtakiwa kwa uhaini. Sheria ilidai mashahidi wawili, naye alipatikana mmoja tu. Basi zikaletwa karatasi zilizokutwa nyumbani kwake, alizoandika kuwapinga wafalme wajionao miungu-watu, na jaji akazikubali kuwa shahidi wa pili. Desemba mwaka huo Sidney akakatwa kichwa.

Locke naye alikuwa na karatasi za aina hiyohiyo, ambazo baadaye zilikuja kuwa *Risala*. Alikimbia mapema, akavuka bahari kwenda Uholanzi, akaishi huko na kwa muda akajiita Daktari van der Linden. Mwaka 1684, kwa amri ya mfalme, alinyang'anywa nafasi yake katika chuo cha Christ Church, Oxford. Alirudi Februari 1689, James, ambaye hatimaye alikuwa amerithi kiti, akiwa ameshakimbia nchi.

Na kwenye karatasi hizo mlikuwa na nini? Kwanza, alimvaa Robert Filmer, aliyedai kuwa wafalme wamerithi mamlaka ya baba yetu Adamu. Sawa, anasema Locke, lakini katika wanadamu wote hawa, mrithi halali wa Adamu ni nani? Hakuna ajuaye. Kisha akajenga hoja yake: watu huzaliwa huru na sawa, na serikali huiweka wao kwa ridhaa yao ili ilinde uhai, uhuru na mali zao. Mtawala amepewa amana. Akiila, waliompa wana haki ya kuitwaa, hata kwa kumpinga kwa nguvu.

*Insha* haikuhoji mamlaka ya mfalme yeyote, na huenda ndiyo maana ilibeba jina. Humo Locke anasema hatuzaliwi na maarifa. Akili ya mtoto ni kama karatasi nyeupe, na kinachoandikwa juu yake hutokana na tunayoyapitia na kuyatafakari. Mfano wake mmoja ni nanasi: ueleze utamu wake utakavyo, asiyewahi kulionja hataujua. Sisi tuliozoea kununua nanasi njiani tunaweza kucheka, ila kwa Waingereza wengi wa karne ya 17 lilikuwa tunda la kusikia tu. Mwingine ni wa balozi wa Uholanzi aliyemsimulia mfalme wa Siam, Thailand ya leo, kwamba kwao wakati wa baridi maji huwa magumu kiasi kwamba hata tembo angeweza kutembea juu yake. Mfalme akamjibu kuwa mengine yote aliyasadiki, lakini kwa hilo ana hakika ni mwongo. Kwa Locke, mfalme hakuwa mjinga. Alipima habari kwa yale aliyowahi kuyaona.

Kwa maoni yangu vitabu hivi ni ndugu, ingawa Locke hakuvifunga pamoja. Anayedai kuwa mtii wa mfalme huzaliwa na utii moyoni, *Insha* imeshamkatia hoja.

Ila karatasi ya Locke mwenyewe ina doa. Alikuwa na hisa katika kampuni ya Royal African, iliyofanya biashara ya watumwa, na akiwa katibu wa wamiliki wa koloni la Carolina alishiriki kuandaa katiba ya 1669 iliyompa bwana mamlaka kamili juu ya mtumwa wake mweusi. Msomaji wa Afrika hawezi kuliruka hilo.

Siri ilifunguka Septemba 1704. Maktaba ya Bodleian ilikuwa imeomba vitabu vyake vyote, naye katika nyongeza ya wasia akakiri kwamba *Risala* ni zake na kuiachia maktaba hiyo nakala. Alifariki tarehe 28 Oktoba. Bodleian ni maktaba ya Oxford, chuo kikuu kilekile alikofutwa miaka 20 kabla.