Sindromu ya Turner: yasemwayo barazani na yaliyo kweli

"Umri ushampita na hajavunja ungo, huyu kafungwa kizazi." Maneno kama haya hayakosekani vijijini Pemba anapoonekana msichana wa miaka 16 aliyepitwa kimo na mdogo wake. Ukweli ni kwamba hakuna aliyemfunga: sindromu ya Turner, inayompata takriban mtoto wa kike 1 kati ya 2,000 hadi 2,500, hutokana na kukosekana kwa kromosomu (uzi wa urithi ulio ndani ya seli) moja ya X, nzima au kipande chake, jambo linalotokea kwa nasibu tu, bila ya kosa la mama wala la baba.

"Akili yake bado ya kitoto." Wengi wao wana akili timamu na ulimi mwepesi, ingawa baadhi husumbuliwa na hesabu, ramani au kuusoma uso wa mtu, na wapo wenye udhaifu wa kusikia, ambao huambiwa wana kiburi kwa kuwa tu hawakuitika. Msichana wa miaka 19 anayekalishwa harusini mkeka mmoja na watoto, akapewa na peremende, hurudi nyumbani kimya, na safari ya pili hukataa kwenda.

"Asiambiwe, atavunjika moyo." Nia ni njema, lakini kwa maoni yangu hakuna dhana inayowaumiza zaidi ya hii. Binti anaona vidonge vya estrojeni, homoni ya kike, vikifichwa mkobani na mama akinong'ona na daktari, naye hujibunia maelezo mabaya kuliko ukweli wenyewe. Aambiwe kwa kadiri ya umri wake: wa miaka 7 yamtosha kujua kwa nini yeye ni mfupi, anayekaribia balehe aelezwe kwa nini mwili wake unahitaji dawa ili uanze kubadilika, na habari ya uzazi, kwamba ni wachache wanaoshika mimba wenyewe, aijue kabla ya posa kuja, si wiki ya harusi. Somo atakayemfunda naye ajue, iwapo mwari mwenyewe ameridhia.

"Huzuni yake ni shetani." Wasiwasi, haya za kupita kiasi na unyonge wa moyo huwapata wenye hali hii zaidi ya wenzao. Dua isomwe, lakini akikosa usingizi, hamu ya kula na hamu ya rafiki zake kwa wiki mbili, apelekwe kwa mhudumu wa afya ya akili, na kwenda huko si kuitwa mwendawazimu.

Ndoa haina kizuizi. Wachache hata hushika mimba wenyewe, ila moyo lazima upimwe hospitalini kwanza.

Na akiuliza lisilo na jibu nyumbani, aliandike kwenye daftari lake, akamuulize daktari kwa mdomo wake mwenyewe.