Mo kruwaze za mitego: uongo wenye tunasikiaka, na ukweli wake

“Mwenye aliandika hii alikuwa amelewa.” Njo neno la kwanza utasikia hapa Goma ukionyesha mtu mo kruwaze (fumbo la kujaza majibu herufi kwa herufi kwenye karo, vile vyumba vidogo) ya Kiingereza ya kila wiki, ile ya mitego, juu swali yake inasomeka kama maneno ya mtu mwenye homa. Uongo mtupu. Karibu kila swali iko na vipande viwili: kimoja kinakupa maana ya jibu, wazi kama kwenye diksionere, kingine kinakupa namna ya kulitengeneza herufi kwa herufi, na ile maana inakaaka mwanzo ao mwisho wa sentensi, katikati hapana. Angalia hii yenye tulitunga wenyewe:

Ziwa ndani ya samaki vuguvugu (4)

Wacha sahani, wacha samaki. Maana ni “ziwa”, basi. “Ndani ya” inakuambia jibu limejificha kwenye maneno yanayofuata: samaKI VUguvugu. Kivu! Ile 4 ni hesabu ya herufi. Hakuna neno limewekwa pale kwa urembo.

Wengine wanafikiri ni vile ilianzaka. Hapana, ile ya kwanza ya Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, ilitoka kwenye gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913 na haikuwa na mtego, ni maana tu. Mitego mikali ilikuja na mtunzi mwenye alijiita Torquemada kwenye The Observer, gazeti la Uingereza, kuanzia 1926, yeye hakuhurumia mtu, na Ximenes, naye jina la kujipa, mwenye alimrithi 1939 njo akaweka sheria, akaziandika kwenye kitabu cha 1966: maana iwe sahihi, njia ya kujenga jibu iwe ya haki, na kisiongezwe kitu kingine. Mtunzi ana ruhusa ya kukupoteza kwa sura ya sentensi, kwa herufi hana.

“Mimi najua tayari za Kifaransa, ni kitu kimoja.” Hii inatoka sana kwa wazee wetu wenye walikua na magazeti ya Kifaransa, na nawaheshimu, lakini si kitu kimoja. Ya Kifaransa inakupa maana peke yake, ata ikiwa imepindwa vizuri namna gani. Tristan Bernard, mwandishi Mfaransa, aliuliza kitu gani kinamwaga baignoires (mabeseni ya kuogea) na kujaza lavabos (ya kunawia), jibu ni entracte, yaani mapumziko, juu baignoires ni pia vile viti vya chini vya tiyatri na watu wakati wa mapumziko wanakimbilia choo. Tamu kabisa. Lakini usipoikamata umekwama, unangojea herufi za maneno ingine. Ya Kiingereza iko na mlango wa pili, ukipita mmoja unahakikisha kwa mwingine.

Eti lazima uwe profesa? Mgao umevurugika mji wa Nyiragongo (4). Mtu wa hapa atafikiri kwanza maji ao kuran (umeme), njo mtego wenyewe, kumbe “umevurugika” inakuambia uchanganye M-G-A-O mpaka mji utoke. Goma. Digrii haiingii hapo. Na wenye kusema Kiswahili haiwezi, hizo mbili si zimetoka kwenye Kiswahili? Shida ya kweli ni kupanga karo, juu maneno yetu karibu yote yanaishia vokali, ukingo wote wa kulia unajaa a na i na u mpaka mtunzi analia.

Halafu ile ya vita, eti mo kruwaze ilishinda Hitler. Mwaka 1942 The Daily Telegraph iliweka shindano la dakika 12 na baadhi ya walioshiriki waliitwa Bletchley Park, kituo cha siri cha Waingereza, kwenye kazi ya kuvunja siri za adui, hiyo ni kweli, lakini pale walikuwa maelfu ya watu na mashine. Na eti inazuia akili kuzeeka: watafiti wa Aberdeen walifuata watu karibu 500 waliozaliwa 1936, wakatoa majibu 2018, wenye kupenda mafumbo walikuwa na kiwango cha akili cha juu zaidi lakini kushuka walishuka kwa mwendo uleule. Cheza juu unapenda.

Yenye inanichokozaka kabisa ni “kuulizana ni kuiba”. Fumbo la wiki linapewa siku nyingi, na kwenye mashindano ya Ximenes, na ya Azed, mtunzi mwenye alimfuata 1972, msomaji alitakiwa pia kutunga swali lake, halafu maswali yanapimwa na kutolewa maoni. Kujadili ni nusu ya mchezo. Sheria ya kwetu wenye tunacheza pamoja ni moja: jibu hulitaji kabla ya siku ya majibu, unasema tu “angalia mwisho wa sentensi” unanyamaza. Siku ikifika sasa tunabomoa kila swali, juu kujaza karo bila kujua sababu haihesabiki.

Juzi ilikuwa Eneza samaki wadogo wa Kivu (7). Mwanafunzi wa licence alikwama, mama muuza samaki akacheka: sambaza, vipande vyote viwili ni maana. Hapo yaya mmoja akakataa kabisa, eti swali si ya haki, sambaza ni ya Tanganyika, ililetwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Mama akamuuliza kama yeye sambaza anaendaka kununua Kalemie. Mpaka leo hajakubali, anasema mtunzi angeandika “wa maziwa mawili”.