Friraidi ya milimani: chepe kwanza, pedeli baadaye

Fundi baiskeli wa mtaani kwetu alikuwa anakaza spoki nilipomwonyesha video kwenye simu. Mtu anateremka ukingo wa genge jekundu, baiskeli inaacha ardhi, inabinuka kinyumenyume juu ya korongo, inatua, inaendelea na safari. Aliitazama mara mbili kimya. Kisha akarudi kwenye gurudumu lake: "Baiskeli haina tatizo. Tatizo ni huyo aliyeipanda."

Mpandaji ni Kelly McGarry wa New Zealand, jimboni Utah, Marekani, mwaka 2013. Korongo lile lina upana wa mita 22 hivi. (Na siku ile hakushinda, alikuwa wa pili.) Mamilioni wameitazama video hiyo, na wengi wetu ndipo tulipojua kwamba kuna kitu kinaitwa friraidi ya milima mikubwa, yaani kushuka mlima kwa baiskeli kwa njia uliyojichagulia mwenyewe, penye magenge na miamba. Ubaya wa video fupi ni kwamba inakupa mruko bila siku zilizoutangulia. Ndiyo maana hukumu ya fundi wangu naisikia kila ninapoutaja mchezo huu, pamoja na dhana nyingine ninazozijibu hapa moja moja.

"Ni vichaa wanaojirusha tu"

Mashindano makubwa ya friraidi ni Red Bull Rampage, yanayofanyika karibu na mji mdogo wa Virgin, Utah. Yalianza 2001. Ukifika kule siku chache kabla ya mashindano, utadhani umeingia kwenye kibarua cha barabara. Kila mpandaji ana wasaidizi wawili, na watatu hao wanashinda mlimani na sururu, machepe na viroba vya mchanga. Mashine haziruhusiwi. Udongo wa pale ni mkavu, ukiukanyaga unapukutika kama unga, kwa hiyo maji yanabebwa hadi juu, yanamwagwa, udongo unashindiliwa kwa mgongo wa chepe, unaachwa ushike, kisha linaongezwa tabaka jingine. Ukingo wa kurukia ukikosewa kidogo tu, baiskeli itaondoka na pua chini.

Wakimaliza kuchimba, hawaruki. Mpandaji anasimama ukingoni, anatazama chini, anarudi nyuma, anakuja kwa mwendo hadi ukingoni na kufunga breki. Anarudi tena. Anapima kasi kwa mwili wake, maana hakuna kipimo kingine. Upepo ukivuma vibaya, watu wanakaa kwenye mawe na kungoja, hata siku ya mashindano yenyewe, watazamaji wakiwa wanasubiri.

Brandon Semenuk wa Kanada alishinda hapo mwaka 2008 akiwa na umri wa miaka 17, kisha 2016, 2019, 2021 na 2024. Kichaa anaweza kubahatisha mara moja. Mara tano katika miaka 16 ni hesabu.

"Shokapu ndizo zinazomwokoa"

Shokapu zinasaidia, sikatai. Baiskeli nyingi za kazi hii zinanywea karibu sentimita 20 mbele na nyuma. Lakini mpe mtu baiskeli hiyohiyo, mwambie aruke kutoka ghorofa ya tatu hadi kwenye lami, uone.

Siri iko kwenye mahali pa kutua. Waliokua karibu na nyumba zinazojengwa wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Lori likimwaga mchanga, tulipanda ukutani na kurukia ubavu wa rundo, kamwe si sakafuni. Ubavuni miguu inateleza, mwili unaendelea kushuka, na ule mshindo unagawanyika. Friraidi ni rundo lile la mchanga lililokuzwa. Mteremko wa kutulia unachongwa mkali kiasi kwamba gurudumu linaugusa huku baiskeli ikielekea chini vilevile. Akitua mapema, kabla ya mteremko, anajibamiza kwenye tambarare. Akipitiliza, anajibamiza kwenye tambarare ya chini. Sehemu salama inaweza kuwa ya mita chache tu, na ndiyo maana ya kupima kasi mara zote zile.

Kamera nayo inadanganya, ila kwa namna watu wasiyoidhania. Lenzi pana ya kofiani hulaza mlima. Palipo kama ukuta huonekana kama kijia cha kushukia mtoni.

"Ni mbio"

Hapana. Hakuna saa. Majaji wanatazama ugumu wa njia, ukubwa wa miruko, utulivu wa mpandaji na mbwembwe za hewani. Baiskeli za milimani unazoziona kwenye Olimpiki tangu Atlanta 1996 ni mbio za nyika, mchezo mwingine kabisa.

"Ni mradi wa kampuni ya vinywaji"

Kampuni hiyo, Red Bull, imeupa mchezo helikopta na kamera, na bila hizo fundi wangu asingeujua. Lakini mwanzo wake uko British Columbia, Kanada, miaka ya 1990. Wade Simmons, Richie Schley na Brett Tippie walikuwa wakishuka vilima vya udongo laini vya Kamloops kama mtu anayeteleza kwenye theluji, popote macho yalipowapeleka. Simmons huyo ndiye aliyeshinda Rampage ya kwanza.

Umaarufu wenyewe pia tusiuelewe vibaya. Wanaotazama ni wengi mno, wanaofanya ni wachache mno. Wanaume wanaoalikwa Utah kwa mwaka hawafiki 20. Ni kama sarakasi: ukumbi unajaa, kamba juu ina mtu mmoja.

"Wanawake hawawezi"

Walikuwa hawaalikwi, ambalo ni jambo tofauti. Mwaka 2019 Katie Holden, Mmarekani, aliwakusanya wapandaji wanawake hukohuko Virgin, kwenye milima ileile, wakachimba na kushuka njia zao. Rampage yenyewe iliwafungulia mlango 2024, miaka 23 baada ya kuanza. Robin Goomes wa New Zealand akashinda, na alibinuka kinyumenyume.

"Wamezoea, hawaumii"

Hii ndiyo dhana inayonisumbua zaidi, kwa sababu inatoka kwa mashabiki wenyewe. Mwaka 2015 Paul Basagoitia, mmoja wa wapandaji wenye ujuzi mkubwa, alianguka Rampage na kuvunjika uti wa mgongo. Ilimbidi ajifunze upya kusimama na kutembea. Kabla ya hapo mashindano yalikuwa yamesimama kwa miaka mitatu, 2005 hadi 2007, na usalama ulikuwa kwenye mjadala. Maandalizi yanapunguza bahati mbaya, hayaifuti. Kuwaita vichaa si haki, na kuwaona kama hawavunjiki si haki pia.

"Afrika haumo"

Umo. Stellenbosch, Afrika Kusini, panafanyika Darkfest, yenye miruko ya zaidi ya mita 20, na wapandaji wakubwa wa dunia husafiri kuifuata. Kwetu huku Hans Rey, Danny MacAskill na Gerhard Czerner walizipandisha baiskeli Mlima Kenya na Kilimanjaro katika safari moja. Kilimanjaro ina njia iliyoruhusiwa baiskeli, ile ya Kilema. Juu kabisa, penye kokoto na hewa nyepesi, hapaendesheki, kwa hiyo baiskeli inageuka mzigo wa kubebwa begani.

Nilimsimulia fundi hilo la kubeba baiskeli hadi Uhuru. Hakushangaa sana. Alitaka kujua tairi zilikuwa na upepo kiasi gani.